Si kila maji baridi ni ya baridi: maswali yenu kuhusu safari ya kuvua

Wiki hizi barua nyingi zinauliza jambo lile lile: ziwa gani zuri, mto gani mzuri, majira ya joto yakifika twende wapi. Nimechukua sita. Nyingine zinajibika humo humo.

Nina wiki mbili za likizo mwezi Julai na nataka kuvua kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Yako matano. Niende lipi?

Kwanza niambie unamtaka samaki gani. Sikukwepi, ndiyo njia ya kulijibu swali lenyewe. Sisi husema "samaki wa maji baridi" kwa maana ya samaki wasiokaa baharini, lakini Julai utagundua kwamba si kila maji baridi ni ya baridi. Superior, mojawapo ya hayo matano, lina kina cha wastani wa mita 147 na mahali penye kina kirefu zaidi hufika mita 406. Jua la kiangazi kizima haliwezi kulipasha joto lote. Trauti wa ziwani, anayependa baridi, anakaa humo bila taabu. Erie lina wastani wa mita 19 tu, hivyo hupata joto upesi, chakula cha samaki huwa tele, na samaki wanaopenda uvuguvugu hunenepa. Mtu anayetaka trauti akaenda Erie, au anayetaka besi, samaki wa uvuguvugu, akaenda katikati ya Superior, atarudi akilaumu ziwa.

Kama hujaamua samaki na unataka tu mshipi uvutwe mara nyingi, nenda Erie. Lakini utazame anga. Ziwa lenye kina kifupi huchafuka haraka upepo ukivuma, na mashua ndogo haina pa kujificha.

Nilikwenda ziwa linalosifiwa kwa trauti, nikavua kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa mchana, sikupata hata mmoja. Nilidanganywa?

Hukudanganywa, ulichelewa. Na mimi yamenikuta: nilikodi mashua pamoja na mwongozaji, tukashinda juani siku moja ya Agosti iliyoonekana kama mwezi mzima, na samaki pekee niliyemwona alikuwa amechorwa kwenye kofia yake.

Majira ya joto ziwa lenye kina hujigawa matabaka. Juu kuna maji ya vuguvugu, chini ya baridi, na katikati kuna mkanda mwembamba ambapo joto hushuka ghafla. Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo, kwa hiyo trauti hukimbia juu. Huko chini kabisa nako, kwenye maziwa yenye uchafu mwingi unaooza, hewa huisha. Samaki hubanwa kwenye ule mkanda au chini yake kidogo, na chambo chako kikielea juu kinapita kama ndege angani.

Mkanda huo unaweza kuutafuta mwenyewe. Chukua kipimajoto, kitie ndani ya chupa ndogo yenye shingo nyembamba, funga chubwi, kisha teremsha kwa kamba yenye fundo kila mita moja. Subiri dakika chache chupa ijae na kipimo kitulie. Ukivuta juu, kipimajoto kinakuja na maji yake ya chini, hakidanganywi na ya juu. Utaona nyuzi 23, 23, 22, halafu fundo mbili tu zaidi, 15. Hapo ndipo pa kuweka ndoana.

Jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa msisitizo: maji yakipita nyuzi 20 hivi, mwache trauti. Hata ukimrudisha majini, anaweza kuondoka akipiga mkia vizuri kisha akafia mbali na macho yako. Vua alfajiri, au hamia kwa samaki mwingine.

Watoto wangu wana miaka saba na tisa, hawajawahi kushika ufito wa kuvulia. Tuwapeleke wapi?

Finland. Ina maziwa zaidi ya laki moja na nusu, usiku wa Juni giza haliingii sawasawa, na sheria yake inawapendelea wanaoanza: kuvua kwa ufito wa kawaida wenye mshipi, ndoana na chambo cha asili, bila kirudisha mshipi (kile kigurudumu cha kuukunjia), hakulipiwi ada sehemu nyingi, hata kwa mgeni. Minyoo ya kuchimba inatosha. Watapata samaki wadogo wenye mistari ya giza ubavuni na mapezi mekundu, wanaodonoa bila kujivunga. Mafuta ya kufukuza mbu msisahau. Mbu wa huko hawana huruma.

Na msikae zaidi ya saa mbili. Mtoto anayeondoka akililia kubaki atataka kurudi kesho.

Nataka samaki mmoja mkubwa kabla sijazeeka. Mmoja tu.

Sangara wa Nile, basi, anayeweza kupita kilo 100. Kuna Ziwa Nasser huko Misri, lililotokana na Bwawa Kuu la Aswan lililokamilika mwaka 1970, na kuna Murchison Falls nchini Uganda, ambapo Mto Nile hupenya kwenye ufa wa mita 7 hivi na chini yake maji huzunguka kwa ghadhabu. Nasser limezungukwa na jangwa. Julai joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo kama mwili wako haulipendi jua, chagua miezi mingine. Murchison shida yake ni mamba na viboko, na hakuna samaki wa kukufanya usogee ukingoni hatua moja zaidi ya anayoiruhusu mwongozaji.

Ukitaka Ulaya, Mto Ebro huko Hispania, upande wa Mequinenza. Kambare wa Ulaya walipandikizwa huko mwaka 1974 na sasa wapo wanaozidi mita mbili. Kambare huyo joto hulipenda.

Salmoni wa Alaska, mwezi gani?

Bristol Bay, salmoni mwekundu, wiki za mwanzo za Julai. Ukifika mwishoni mwa Agosti utakuta salmoni wa aina nyingine, si wale wekundu. Ujue pia kwamba salmoni akishaingia mtoni haendi kula, anakwenda kuzaa; anayetegemea chambo kitamu atachoka bure.

Likizo yangu ni Desemba. Nimekosa msimu?

Umekosa wa kaskazini. New Zealand ndiyo kwanza majira ya joto yanaanza. Ziwa Taupo lina leseni yake ya kuvulia, tofauti na ile ya sehemu nyingine za nchi, kwa hiyo usinunue moja ukadhani umemaliza. Trauti wa upinde wa mvua hushuka kina kirefu mchana. Kuanzia Januari nyenje huanguka kutoka mitini, na kwenye mito trauti huja juu kuwadaka. Ndoana iliyofungwa manyoya ya kufanana na nyenje haikai majini muda mrefu.

Viatu vyako vya kuingilia mtoni vikiwa na soli ya sufi iliyoshindiliwa, viache nyumbani. Nchi hiyo ilivipiga marufuku mwaka 2008, baada ya mwani vamizi kugunduliwa kwenye mito yake mwaka 2004: sufi hunyonya maji, hukaa na unyevu siku nyingi, na mbegu ya uharibifu husafiri ndani yake kutoka mto mmoja hadi mwingine. Vya mpira navyo visuguliwe, vikaushwe hadi ndani, pale kwenye mishono ambako kidole hakifiki.