Muulize Fundi: Trekta Inagonga Tangu Pampu Irudi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina trekta, Massey Ferguson 240, nalimia watu huku Marafa hadi Magarini. Miezi miwili iliyopita pampu ya dizeli ilikuwa inavuja, nikaifungua nikaipeleka Malindi mjini, ikatengenezwa na kurudishwa. Sasa injini inagonga, ngo ngo ngo, mlio mkali kama nyundo juu ya bati. Asubuhi ikiwa baridi inagonga, mchana ikiwa moto inagonga vilevile. Nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda, zimesafishwa mara mbili, mlio uko palepale. Geji ya oili haina tatizo. Fundi wangu asema tufungue injini yote, tutie pistoni na bearingi mpya. Masika yanakaribia na watu washanipa arubuni. Nifanyeje? (Msomaji, Marafa)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Injini hiyo usiifungue. Barua yako nimeisoma mara mbili, na neno lililonishika ni lile la pampu. Kabla haijatolewa, trekta ilikuwa ikivuja tu. Iliporudi, ikaanza kugonga. Hapo ndipo pa kuanzia, na itakugharimu spana mbili na nusu saa.

Nasema hivi kwa uchungu. Miaka mingi nyuma nililiamini sikio langu. Mzee mmoja wa Kakuyuni aliniletea trekta inagonga, nikasikiliza kwa bisibisi sikioni, nikamwambia bearingi za konrodi, mikono inayoshika pistoni, zimekwisha. Tukafungua. Zile bearingi zilitoka za kijivu, laini, hazina hata mkwaruzo, na mimi nikatia mpya kwa sababu nilikuwa nimeshasema. Mzee alilipa bearingi, gasketi na oili. Tulipowasha, ngo ngo ngo. Ilikuwa nozeli moja iliyokwama, na mahindi ya mwaka ule aliyapanda amechelewa. Tangu siku hiyo sifungui injini inayogonga kabla sijalegeza paipu za nozeli.

Fanya hivi. Washa injini ipate moto, kisha iache ingurume polepole bila mzigo. Shika spana, legeza nati ya paipu ya nozeli ya kwanza kwa nusu mzunguko, pale inapoingia kwenye nozeli. Tandaza kitambaa kinene juu ya nati, na mkono wako ubaki kwenye mpini wa spana. Dizeli ya pale hutoka kwa presha inayoweza kutoboa ngozi, na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata likionekana dogo kama tundu la sindano. Watoto wasogee mbali. Silinda ile sasa haipati dizeli, injini itayumba kwa silinda mbili. Sikiliza mlio. Kaza, nenda ya pili, kaza, nenda ya tatu.

Ikiwa paipu moja ukiilegeza mlio unakatika kabisa, ubaya uko kwenye silinda hiyo. Usikimbilie pistoni bado. Zima, badilishana nozeli ya silinda hiyo na ya jirani yake, urudie. Mlio ukihamia kwa jirani, mwenye makosa ni nozeli. Na kusafishwa si kupimwa: nozeli hupimwa kwenye mashine, ionekane inafungua kwa presha gani, na inanyunyiza kama ukungu au inadondosha. Mlio ukibaki silinda ileile, hapo ndipo nitakubaliana na fundi wako.

Lakini bearingi iliyokufa haina tabia uliyonieleza. Mlio wake ni mzito, du du, na huzidi injini ikipata moto na plau ikizama ardhini, huku geji ya oili ikishuka. Pistoni iliyolegea kwenye silinda nayo hupiga kelele asubuhi, ikatulia ikipata joto. Wako haubadiliki. Ukitaka moyo wako utulie, siku ya kumwaga oili ipitishe kwenye kitambaa cheupe, utafute chembe zinazong'aa.

Mimi nadhani utakuta kila paipu unayolegeza inapunguza mlio kidogo, zote tatu sawasawa. Basi ni taimingi, yaani wakati pampu inapopeleka dizeli. Dizeli haina plagi, huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Pampu ikiwahi kuipeleka, dizeli hurundikana kabla haijashika moto, kisha huwaka yote kwa kishindo huku pistoni bado inapanda. Ndiyo nyundo unayoisikia.

Zima injini, nenda kwenye flenji ya pampu, ule ukingo wenye matundu ya nati, mahali inapofungwa kwenye kava ya gia za mbele. Futa mafuta na vumbi kwa kitambaa chenye dizeli, umulike kwa simu. Utaona mstari mwembamba kwenye flenji, na mwingine kwenye kava. Mistari hiyo lazima ikutane. Tazama vizuri, kwa maana mafundi wengine hupiga alama zao kwa patasi: ya kiwandani ni nyembamba na imenyooka, ya patasi ni pana na kingo zake zimeinuka. Matundu ya flenji ni marefu, yanaruhusu pampu kuzungushwa kidogo. Legeza nati, izungushe mpaka mistari ikutane, kaza, washa.

Kama mistari tayari imekutana na bado zinagonga zote tatu, irudishe pampu kwa walioitengeneza waipime upya kwenye mashine, nawe uwe umesimama pale. Pesa za pistoni ziweke. Na ukishalegeza paipu zote tatu, niandikie mlio ulifanyaje kwenye kila moja, ya kwanza kutoka upande wa rejeta.