Hekalu letu linakarabatiwa, nichangie nini?

Swali: Habari mhariri, hekalu letu la Kibudha hapa mjini linafanyiwa ukarabati wa kulinda mazingira, wanachangisha hela za paneli za sola. Nitoe huko au?

Jibu: Toa, ila uliza kwanza paa likoje, maana ukifunga sola juu ya paa bovu baadae zitashushwa zote paa litengenezwe na hiyo ni sadaka ya watu inapotea bure. Mi ningeanza na paa, kuziba nyufa za madirisha, halafu taa za LED, zinakula umeme pungufu kwa kama asilimia 75 kuliko balbu za zamani. Ila wakiziba wasisahau hewa, ule moshi wa ubani lazima upate pa kutokea jamani! Na kama huna hela ila ni fundi umeme, nenda kawakagulie nyaya.