Una kibwawa nyumbani? Waache watoto wa kereng'ende

Wadau wa Dodoma, mvua ndo hizo zimeanza na najua wengi mmeshachimba vibwawa vya kukinga maji ya bustani, sasa nawaomba sana msirudie kosa langu.

Mwaka wa kwanza nilipochimba cha kwangu huku Ihumwa, kama wiki ya nne hivi nikaona kwenye tope vidudu vya kahawia, miguu sita, macho makubwa, vinatisha kweli. Nikachukua dawa tunayopulizia nyanya nikamwaga humo, vikafa vyote. Haikupita muda bwawa likajaa viluwiluwi vya mbu, jioni nje hapakaliki. Mzee jirani alipokuja kuangalia akaniambia, "Mwanangu, umeua watoto wa kereng'ende."

Kumbe kereng'ende hapitii hatua ya pupa kama kipepeo. Yai linaanguliwa majini na mtoto anakaa humohumo, anajivua gamba mara 10 hivi au zaidi, na chakula chake kimojawapo ni hao hao viluwiluwi vya mbu! Mdomo wake wa chini umekunjwa kama mkono, anaufyatua ghafla anadaka. Halafu anapumulia nyuma, maji anayavutia huko huko, na akishtuka anayasukuma kwa nguvu anachomoka kama risasi, mimi hili nimelitazama kwenye beseni nikasahau hadi kumwagilia.

Wale wa njano wanaokuja na mvua, Pantala flavescens, wanaweza kumaliza utoto ndani ya wiki 6 hivi, wanawahi kidimbwi kisikauke. Aina nyingine wanakaa majini miezi, hata miaka.

Kwa hiyo dawa usimwage kabisa, na matete ya pembeni usiyafyeke yote, au chomeka vijiti, maana siku ya kutoka anapanda juu, mara nyingi usiku, mgongo unapasuka anatoka na mbawa zimejikunja. Ukizoa tope liache ukingoni kwanza ili waliomo warudi majini. Ndoo na matairi yenye maji bado uyamwage, huko kereng'ende hakusaidii. Na kama unafuga samaki, vifaranga vidogo vitenge, anavila.

Asubuhi pitia vile vijiti taratibu, utakuta magamba matupu yameng'ang'ania, na ukiwahi utamkuta mwenyewe bado anakausha mbawa, usimguse, zikiharibika hapo ndo basi tena.