Kabla ya Kufyeka Mavani

Mwaka huo tulitaka kulipendezesha kaburi la nyanya. Shaabani ilikuwa imeingia, na desturi yetu hapa Malindi ni kuzuru mavani na kusafisha kabla ya Ramadhani. Majani yalikuwa yamefika magotini. Kijana mmoja wa mtaani akatuambia iko dawa ya kuua magugu, unapuliza asubuhi moja na kazi imekwisha. Niliyekubali ni mimi, na niliyetoa pesa ni mimi. Baada ya wiki mbili pale mavani palikuwa peupe kama uwanja uliofagiliwa, na kila aliyepita alitusifu.

Masika yakaja. Ardhi yetu ni mchanga mtupu, na mvua ya siku tatu ilitosha kuchimba mfereji katikati ya kaburi la nyanya. Mchanga uliteremka hadi ukutani, jiwe la kichwani likalala kifudifudi. Ami yangu alikuja akachutama, akaokota mzizi mkavu, akauvunja mkononi. Akaniambia, "Mwanangu, haya majani ndiyo yaliyokuwa yamemshika nyanya yako."

Tangu siku hiyo usafi wa pale uko mikononi mwangu, na haya ninayoandika nimeyapata kwa kukosea kwanza.

Kabla hujashika panga, nenda ukaangalie. Nenda mara tatu: baada ya sala ya alfajiri, mchana wa jua kali, na jioni kiza kikianza kuingia. Asubuhi utamwona hudihudi akidonoadonoa mchanga kwa mdomo wake mrefu, akitafuta wadudu. Mchana utawaona vipepeo, na pengine kenge akijiburura kwenda kwenye shimo lake. Jioni popo huanza kutoka. Mbuyu, kama mnao, hufungua maua yake usiku, na popo ndio wanaobeba chavua yake kutoka mti hadi mti. Ukiwafukuza popo kwa moshi kwa sababu wanachafua, basi usishangae mbuyu wako ukikosa mabuyu.

Kuhusu bundi nitasema zaidi, maana huyu anaonewa. Watu wakimsikia mavani wanasema analeta kifo, na vijana humrushia mawe. Chini ya mkwaju wetu nilikuwa nikiokota vidonge vya kijivu, virefu kama kidole gumba, nikadhani ni mavi ya mnyama. Siku moja nikakipasua kimoja kwa kijiti. Ndani mlikuwa na manyoya yaliyoshikamana, na katikati yake mafuvu matatu ya panya, meupe safi, meno ya njano bado yamo. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa. Panya watatu katika kidonge kimoja! Na panya ndio wanaochimba makaburi yetu na kula nafaka za majirani. Nimewapasulia vidonge hivyo watoto wengi wa mtaani, na mawe yamepungua.

Yale maua ya waridi na meupe yenye kijicho chekundu katikati, yanayoota makaburini bila kumwagiliwa maji, yaache. Yanadumu pale kwa sababu yana sumu na mbuzi hawayagusi. Asili yake ni Madagaska, na katika mmea huo ndimo zilimopatikana dawa mbili, vinblastini na vinkristini, zinazotibu saratani, pamoja na saratani ya damu ya watoto. Lakini tafadhali usiyachemshe ukanywa. Dawa ya hospitali hupimwa, sufuria yako haipimi.

Wako watakaokuambia kuwa kuacha majani kaburini ni uchafu. Wakumbushe ile hadithi ya Mtume (SAW) alivyopasua kuti bichi vipande viwili akavichomeka juu ya makaburi mawili. Wazee wetu walipanda mrihani juu ya kaburi kwa kuishika hadithi hiyo. Wenzetu Wamijikenda nao wamehifadhi misitu ya kaya, yaani vijiji vyao vya kale, wanamozika wazee wao, kwa mwiko wa kutokata mti, na mwaka 2008 UNESCO ikaiingiza kadhaa katika orodha ya urithi wa dunia. Gede nako, kilomita kama 16 kutoka hapa, kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399, na msitu unaoyazunguka magofu yale bado una kima, na sange wa mgongo wa dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu, ambaye makazi yake ni misitu michache ya pwani hii ya Kenya tu.

Iko miti miwili usiyopaswa kuibembeleza. Wa kwanza ni mtini unapoota juu ya ukuta. Ndege huacha mbegu kwenye ufa, na mizizi hupasua mawe. Ukate ungali mwembamba kama kidole, na usiung'oe, maana utatoka na jiwe. Kisha ziba ufa kwa chokaa na mchanga. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, hufungia unyevu ndani, na baada ya miaka michache jiwe humung'unyika nyuma yake. Nikilipita lile kaburi refu la nguzo karibu na Msikiti wa Juma, au kile kikanisa cha Wareno, nawaza jambo hilo. Francis Xavier, padri wa Kikatoliki, alipopita hapa mwaka 1542 akielekea India alimzika Malindi mtu aliyefia merikebuni, na hadi leo kikanisa kile kina makaburi yake na miti yake, katikati ya mji ulioisha kwa kujengwa.

Wa pili ni mwarobaini: miche yake ing'oe mapema. Najua ni dawa, lakini ndege na popo husambaza kokwa zake kila mahali, na usipoangalia ndani ya miaka michache hutaona mti mwingine.

Sisi sasa tunafyeka kwa mkono, masika yakiisha na majani yakishadondosha mbegu. Tunakata usawa wa kifundo cha mguu, mizizi inabaki. Viatu vya kufunika mguu, fimbo ya kugonga mbele, na mkono hauingizwi shimoni. Hatuchomi moto. Kona ya kaskazini hatuigusi kabisa.

Katika kona hiyo mkunazi umejiotea. Tuliuwekea vijiti vinne mbuzi wasiufikie, na sasa unanipita kimo. Mwezi uliopita jirani yetu alifiwa usiku wa manane, na majani ya kumkoshea maiti wake tulikwenda kuyachuma pale, kwa tochi.