Jina la tawi lenu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Kisauni, sote tu wazima. Umeniandikia kwamba nyinyi wazawa wa Frere Town mlioko Nairobi mnafungua tawi la chama chetu, na wengine wanataka liitwe Frere. Ukaniuliza: huyo Frere alitufanyia nini hasa?

Sir Bartle Frere aliwahi kuwa gavana wa Bombay. Mwaka 1873 Waingereza walimtuma Unguja kumbana Sultani Barghash aipige marufuku biashara ya watumwa baharini. Mkataba ulitiwa sahihi Juni, yeye akiwa ameshaondoka. Aliwashauri pia wamishenari wa CMS, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, waanzishe makao karibu na Mombasa kwa watu waliookolewa majahazini. Mchungaji Price akaja mwishoni mwa 1874, akanunua ardhi hapa ng'ambo ya kisiwa, akaipa jina la Frere. Mchango wa Frere ni huo, na siudharau. Ila hapa hakuishi.

Waliotangulia ni wengine. William Jones, Ishmael Semler na George David walitekwa wakiwa watoto, wakaokolewa, wakalelewa na misheni huko India, karibu na Nasik. Walifika Rabai, bara ya Mombasa, mwaka 1864 kumsaidia mmishenari mzee Rebmann, miaka kumi kabla ya Price kutia mguu. Kijiji chetu kilipoanza, wenzao waliolelewa India ndio waliokuwa walimu, mafundi na wakalimani wake. Mateka waliposhushwa melini hawajui waendako, walipokelewa na watu waliopitia mateso yale yale.

Tena usidhani maisha yalikuwa mepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi mmoja Mzungu alikuwa akiwachapa viboko watu hao hao waliokwisha kukombolewa, mpaka ikabidi uchunguzi ufanywe. Nikilikumbuka hilo damu hunichemka hadi leo.

Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwafanya Jones na Semler mashemasi, kisha akaondoka na Jones kwenda Uganda. Oktoba askofu akauawa Busoga. Aliyewakusanya wapagazi waliobaki na kuwarudisha kwa miguu hadi Rabai ni Jones, mbele yao bendera iliyoandikwa Ikabodi, lile jina la kwenye Samweli wa Kwanza, maana yake utukufu umeondoka. Na hapo Rabai walikuwa wakihifadhiwa watoro waliokimbia mashamba ya mabwana zao. Mwaka 1888 mabwana walikuja juu wakidai watu wao. Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki akawalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro 1,400 hivi, wa Rabai na wa misheni za jirani, wakapewa hati za uhuru. Wangelikuwa wamefukuzwa mlangoni tangu mwanzo, ni nani angepewa hati?

Kwa hiyo mimi nasema tawi liitwe Jones na Semler. Najua mtaniambia hayo nayo ni majina ya Kizungu. Ni kweli, walipewa. Lakini kazi iliyofanywa kwa majina hayo ni ya Waafrika, tena ya watu wetu.

Wasomee wenzako barua hii kikaoni. Atakayeshikilia Frere, mje naye likizo ya Pasaka, niwapeleke Rabai tukaanzie kanisani, halafu ndipo tupige kura.

Mungu akulinde.

Baba yako