Maswali yenu: Tisa zimekuwa ishirini na tatu

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mratibu wa kikundi cha malezi hapa Pasua, Moshi. Tangu mwaka juzi tunawafundisha wazazi kulea bila kipigo, vipindi 12, kila Jumamosi mchana. Waliomaliza ni 126. Kabla hatujaanza, mtendaji wetu alipokea kwa mwaka mzima taarifa 9 za watoto waliopigwa kupita kiasi au kutelekezwa. Mwaka jana zimefika 23. Mfadhili ameona, akaniandikia mstari mmoja tu: "Sasa mmezuia nini?" Tunalo pia dodoso la mwisho wa mafunzo, ambamo asilimia 94 ya wazazi wamesema hawapigi tena. Mwenzangu ananishauri nipeleke hiyo 94 na zile 23 nizikalie kimya. Nifanyeje? – Mratibu, Pasua

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi hiyo 94 ndiyo inayonitia wasiwasi.

Dodoso umeuliza wewe uliyewafundisha, nadhani siku ya kugawa vyeti, soda zikiwa mezani. Ningekuwa mzazi pale ningekujibu sipigi, hata kama asubuhi ile nimepiga. Mtu akikukaribisha ukala, huwezi kumwambia mtori wake haukuiva.

Nilifanya kazi ya ustawi wa jamii miaka 29, mingi hapa Moshi na michache Arusha, na somo hili nilifundishwa na fimbo. Nyumba nyingi nilizotembelea zilikuwa na fimbo ya mpera imechomekwa juu ya mlango, kati ya boriti na bati. Nikajiona mjanja. Kila nikiingia natupa jicho juu: iking'aa pale inaposhikwa, inatumika, ikiwa na utando wa buibui, nyumba imetulia. Nikawa naandika kwenye daftari, "fimbo ipo", "fimbo haipo". Kufika mwezi wa tatu fimbo zimetoweka mtaa mzima! Nikaandika ripoti tamu, bosi akanipongeza mbele za watu. Wiki hiyohiyo mtoto mmoja wa darasa la pili, amekaa jikoni anamsaidia mama yake kumenya ndizi, akaniambia bila kuulizwa: "Ukija wewe inawekwa bandani kwa mbuzi." Mama yake akainama kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Twende kwenye 23 zako. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 mambo ya utotoni mwao. Karibu robo tatu, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepata kipigo au ukatili mwingine wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu wasichana 3 katika kila 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Wengi hawakwenda popote kutafuta msaada. Sasa kata nzima iwe na tisa kwa mwaka? Hao tisa ni wale ambao jirani alishindwa kuvumilia. Ninyi mmekaa Jumamosi kumi na mbili mkiwaambia watu kuna namba 116, kuna dawati la jinsia na watoto polisi, kuna afisa ustawi. Wakisema, mnashangaa nini?

Ila usimwandikie mfadhili kwamba "uelewa umeongezeka" ukaishia hapo. Kila mratibu huandika hivyo, hata mimi niliandika, na mwenye akili hakubali. Nenda kwa mtendaji, mwombe mkae mfungue rejista, mzipitie zote 32, moja moja, majina ya watoto yakibaki palepale ofisini. Nani alileta taarifa: jirani, mwalimu, mtoto mwenyewe, au hospitali? Mtoto alikutwa katika hali gani? Ni nyumba iliyokwisha kuripotiwa zamani? Mzazi ni miongoni mwa wale 126? Kama tisa za mwanzo zilikuja na mikono iliyovunjika, na hizi 23 nyingi zimekuja mapema, jirani kasikia kilio usiku na asubuhi kamfuata balozi, hapo una jambo la kusema. Kama majeraha ni yaleyale na yameongezeka, liandike hilo nalo, hata likikuuma.

Na hili tatizo lako si la Pasua peke yake. Kuna mpango maarufu wa Marekani ulioanza mwaka 1978 katika mji wa Elmira, jimbo la New York. Mwenye mimba ya kwanza, hasa binti mdogo au fukara, alitembelewa na muuguzi nyumbani hadi mtoto akafika miaka miwili. Waliandikishwa wanawake 400, wakagawanywa kwa kura, wa kutembelewa na wasiotembelewa. Watoto walipokuwa kati ya miaka miwili na minne, idadi ya taarifa za ukatili haikutofautiana. Mtu wa haraka angefunga mradi. Lakini watoto wa wale waliotembelewa walikuwa wakiumia mara chache zaidi na kupelekwa hospitali kwa dharura mara chache zaidi, na watafiti waliona pia kwamba nyumba inayoingiwa na muuguzi inaonekana kuliko nyumba isiyoingiwa na mtu. Watoto walipofika miaka 15 ndipo tofauti ikajitokeza wazi: taarifa zilizothibitishwa zilikuwa karibu nusu ya zile za upande wa pili. Hata hapo, kwenye nyumba ambazo mama mwenyewe alikuwa akipigwa sana, faida hiyo haikuonekana. Hilo nalo lifikirie, maana hujaniambia kama vipindi vyenu vinagusa habari za baba na mama.

Neno hilo la kura ndilo ninalotaka ulibebe. Najua mna wazazi wanaosubiri awamu ijayo. Fanyeni kama upatu: namba kwenye karatasi, karatasi kwenye ndoo, nusu waanze sasa, nusu wangoje miezi sita. Waliongoja ndio wa kulinganisha nao. Bila hao, kila badiliko litadaiwa na kila mtu: mvua nzuri, bei ya kahawa, mwalimu mkuu mpya.

Na muulizaji asiwe wewe. Waulizwe watoto, na mtu wasiyemjua. Kule Luwero, Uganda, walichukua shule za msingi 42, nusu zikapata mradi wa kupunguza viboko, nusu zikangoja. Mwaka 2014 wanafunzi waliulizwa kuhusu wiki moja iliyopita. Kwenye shule zilizongoja asilimia 49 walikuwa wameumizwa na mwalimu au mfanyakazi wa shule. Kwenye shule za mradi, 31. Swali la wiki iliyopita mtoto analiweza. La "huwa unapigwa?" atakujibu kwa kuangalia mlango.

Lakini nakuomba, usimguse mtoto hata mmoja kwa dodoso kabla hujajua ukimaliza utampeleka wapi. Luwero, katika kuuliza huko, watoto 434 walieleza mambo yaliyolazimu wapelekwe kwenye huduma za ulinzi wa mtoto. Mia nne! Wewe hata wakiwa wanne, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakutaka utoe taarifa, na afisa ustawi wako pengine ana kata tatu na hana usafiri. Kaa naye kwanza, mkubaliane siku na namba ya simu.

Kutelekezwa kutenge peke yake, usikuchanganye na kipigo. Mama anayeondoka saa kumi alfajiri kuwahi ndizi soko la Mbuyuni na kumwachia mtoto wa miaka sita mdogo wake wa miaka miwili hakosi somo la malezi. Amekosa mtu wa kukaa nao. Uliza tu: jana, kuanzia mama alipotoka hadi jua kuchomoza, mtoto alikuwa na nani? Jibu hilo halitabadilishwa na vipindi 12, na ni heri mfadhili alijue.

Peleka zote mbili, 94 na 23, na eleza kila moja ilipatikanaje.

SWALI: Mama, hapa Ngarenaro, Arusha, tumeandika "familia 80 zimefikiwa" ila akina baba waliokuja ni wanne. Ni kosa? – Msomaji wa kike

JIBU: Andika akina mama waliokuja ni wangapi, na akina baba ni wanne. Halafu msiwaite ukumbini. Wafuateni kijiweni kwa bodaboda kama saa nane mchana, abiria wakiwa wachache, na vipindi viwe vya nusu saa. Kahawa mtanunua ninyi.