"Dodgy" ya Waingereza: tazama kwanza inasemwa juu ya nini

Swali: mgeni Mwingereza katika hoteli ya Nyali kasema "the shower's a bit dodgy", kamusi ikatoa "-janja". Shawa itakuwaje janja?

Kamusi haikukosea, ila hiyo ni maana ya mtu. Kitu kikiitwa dodgy, ni kibovubovu: hakijafa, lakini hakitegemeki, leo chafanya kazi kesho chagoma. Kwa hiyo usiandike tu "shawa mbovu" ukamtuma fundi gizani. Muulize mgeni: maji hayapati moto, yanakatikakatika, au swichi ya hita inatoa cheche? Hiyo "a bit" nayo usiipuuze. Waingereza hupenda kulainisha malalamiko, na soketi iliyo "a bit dodgy" yaweza kuwa inayopiga shoti. Izime kwanza, maswali baadaye.

Kwenye mwili maana inakaribiana. "Dodgy knee" ni goti linalosumbua mara kwa mara. Mpe chumba cha chini au karibu na lifti. "Dodgy tummy" ni tumbo kuvurugika, mara nyingi kuhara. Lakini akisema "dodgy prawns", sasa anawalaumu kamba aliokula. Uliza alikula wapi na saa ngapi, kisha jikoni wajulishwe mara moja, kwa sababu sahani hiyo huenda bado inapakuliwa.

Kwa mtu, shika ulimi. "He's dodgy" maana yake simwamini, nahisi ni tapeli. Ni tuhuma, hata ikisemwa kwa kicheko. "Dodgy watch" yaweza kuwa saa mbovu, feki au ya wizi. Sikiliza kama anazungumzia saa yenyewe au aliyemuuzia. Nyaraka pia huitwa hivyo: mwaka 2003 serikali ya Uingereza ilitoa waraka kuhusu Iraki, ikabainika sehemu zake zilinakiliwa kutoka makala ya kitaaluma bila kumtaja mwandishi, ukabandikwa jina "dodgy dossier".

Akiuliza kama mtaa fulani ni dodgy, anataka kujua usalama. Mjibu kwa saa na njia: mchana tembea, usiku chukua tuktuk mpaka mlangoni.

Waaustralia hulitumia vilevile. Mmarekani atasema "sketchy" au "shady". Matamshi ni "doji", na kulinganisha ni "dodgier", "dodgiest". Kwenye ripoti rasmi liache kabisa: kifaa andika "faulty", mtu "suspicious", halafu eleza ulichokiona.